Mlango wa Buluu wa Mama

Same,
Mwezi wa nane, 1976

Mdogo wangu Agnesi,

Mwezi huu natimiza miaka thelathini na mmoja tangu nilipopanda lori la manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, pale bomani, nikiwa na blanketi moja na kitabu cha sala. Nakutajia idadi kwa sababu wewe katika barua zako huandika “miaka mingi”, nami sijawahi kulipenda neno hilo. Ni la mtu asiyetaka kuhesabu.

Natumaini uko mzima, na shemeji mzima, na yale magoti uliyoyalalamikia yamepata nafuu baada ya masika. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Nakiete ana kikohozi cha vumbi, kama watu wote wa Same upepo wa mwezi huu unapoanza kuteremka milimani. Nimeanza kwa kukusalimu vizuri makusudi. Yaliyo mbele si mazuri, na sitaki uje kusema kaka alishika kalamu akiwa na hasira. Nimeiweka barua hii moyoni tangu kabla ya mavuno, na hasira imekwisha. Kilichobaki ni kukueleza.

Uliniuliza tena, “Kaka, utarudi lini?” Ulipokuwa unaandika maneno hayo mimi nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilikuwa narudi mwaka huu, tukishavuna. Nakiete alikubali tufuatane, yeye ambaye kuteremka tu kutoka kwao Chome hadi hapa chini bado anakuita kukaa ugenini. Alikuwa ameshagawa kuku wake. Kwa hiyo ujue unachokisoma: hii ni barua ya mtu aliyekuwa ameshafunga mzigo.

Sasa nikueleze habari za ukuta, maana sijawahi kukueleza sawasawa. Niliona aibu kidogo, mtu mzima kucheza na vigae.

Shamba la mkonge nililofanyia kazi lilipochukuliwa na taifa, meneja aliondoka, na nyumba yake ikakaa bila mtu. Watu walichukua mabati, kisha mbao, kisha vitasa. Mimi nilifika mwisho kama kawaida yangu, nikakuta kimebaki chumba cha kuogea, na vigae vyake vyeupe vimevunjwa na waliokuwa wanang’oa bomba. Nikavijaza kwenye gunia. Nakiete aliponiona naingia nalo aliniuliza kama wenzangu wote wamerudi na bati na mimi nimerudi na meno ya mzungu.

Nilianza na kipande kidogo cha ukuta wa sebuleni, ule unaotazamana na mlango. Chokaa niliitengeneza mwenyewe. Saruji niliokota kwenye mifuko iliyopasuka kituo cha treni. Unapaka chokaa mahali panapotosha viganja viwili tu, kwa sababu ikikauka haikusubiri, kisha unabandika kimoja kimoja, ukikikata kwa koleo na kukisugua ncha juu ya jiwe. Kijani nilipata kwenye chupa za bia. Kahawia ni vipande vya mitungi. Rangi nyingine alinipa Mzee Shabani, muuza vyombo wa sokoni, ambaye bidhaa zake huja kwa treni, na kila shehena huwa na vilivyopasuka njiani. Aliniita Mzee Vigae. Akifungua sanduku akakuta sahani zote ni nzima, hunipigia kelele toka mbali, “Pole, Mzee Vigae, leo hasara ni yako.”

Picha yenyewe ni nyumba yetu. Nyumba ya mama, juu ya mto, na ule mti wa msuku upande wa jikoni.

Nilijiwekea sharti moja, na Nakiete alilicheka kwa miaka: sibandiki nisichokijua. Kama sikumbuki, naacha chokaa tupu mpaka nipate habari. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza maswali yale uliyoyaona ya kitoto. Ngazi za mlangoni ni mbili au tatu? Ule ufa wa ukuta wa mashariki umezibwa? Ulinijibu kila mara, na vizuri. Ulipoandika kwamba mlango umepakwa rangi ya buluu, nilibandua mlango wote wa kahawia nikauweka upya kwa ukingo wa bakuli la Mzee Shabani. Ulipoandika kwamba upepo umeng’oa bati moja pembeni, nilitoa vigae vitatu vya paa nikapaacha wazi. Na barua yako ya msiba wa mama ilipofika, kwamba alifia mlangoni kwake jua likizama, amekaa kwenye kigoda akiutazama msuku, na kwamba hakuteseka, nilimweka pale pale. Kazi ile ilinichukua kiangazi chote. Uso wake ni kipande kimoja tu cha chungu, kile alichonipakilia chumvi nilipoondoka. Kilivunjika zamani kambini, nami sikukitupa. Nilikuwa sijui nakiweka kwa ajili ya nini.

Kabla ya mavuno alikuja hapa kijana anaitwa Leonsi. Ni bwana shamba, kahamishiwa wilaya hii kusimamia mpunga wa Ndungu, akasikia Same kuna mzee wa kwao. Unamfahamu. Baba yake ndiye fundi viatu aliyekaa karibu na kanisa. Alinipa shikamoo kwa lugha yetu, Agnesi, na mimi nikashindwa kuitikia mara moja, ulimi ulikuwa umesahau. Nakiete akampa chai ya tangawizi iliyotoka Mamba, kule milimani. Akakaa, akainua macho, akauona ukuta.

Alisifu kwanza. Akasogea, akaupapasa. Akauliza ni nyumba ya nani. Nilimwambia haoni? Ni kwa marehemu mama yangu, juu ya mto, penye msuku. Akaweka kikombe chini.

“Mzee, pale sasa ni shamba la mahindi la kijiji.”

Nikamuuliza, na nyumba je?

“Nyumba zote za upande ule zilibomolewa siku moja, mwaka wa kuhamia vijijini. Nilikuwapo. Mimi nilibeba kuku.”

Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema alibeba kuku. Nikamwambia amekosea nyumba. Nikamwambia dada yangu ameniandikia habari za nyumba hiyo mwaka jana, na mwaka huu, hata bati lililong’olewa na upepo. Leonsi alimtazama mke wangu, akiomba asaidiwe. Nakiete akamwambia, “Umeshaanza, baba. Maliza.”

Basi akamaliza. Alisema watu walipelekwa kwenye viwanja vipya kabla nyumba hazijajengwa, na mvua za mwaka ule hazikumngoja mtu. Mama alikaa kwenye kibanda cha nyasi kisichokuwa na upande mmoja. Alikaa humo wiki kadhaa akikohoa. Kila apitaye alimuuliza swali moja: “Mlango wangu mmeuweka wapi?” Watu wakafikiri amechanganyikiwa. Akafa humo, na hakuna aliyejua ni usiku au alfajiri, maana asubuhi walimkuta ameshapoa, na nguo zake zimelowa.

Nilimuuliza Leonsi mlango ulikuwa wapi. Ndilo swali pekee nililoweza kupata.

“Uko kwa shemeji yako, mzee. Kwenye banda la mbuzi.”

“Una rangi gani?”

“Buluu.”

Sasa tulia, Agnesi, nikuambie ninachokijua, kwa utaratibu. Amri ya kuhama hukuitoa wewe. Mvua hukuileta wewe. Hayo siyaweki mbele yako. Mimi mwenyewe hapa ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na mwaka ule niliwasomea wanafunzi wangu gazetini kwamba huko kwetu watu walihama wakiimba. Niliwasomea mara mbili, kwa fahari, nikiwaonyesha kwa kidole kwamba wanaotajwa ni watu wangu. Huenda siku hiyo hiyo mama alikuwa amekaa mvuani.

Ninachokuuliza ni kile cha bati. Kunificha kifo naelewa. Mtu huweza kuficha. Lakini wewe ulikaa, ukachovya kalamu, ukabuni upepo. Ukaling’oa kwa upepo huo bati la nyumba isiyokuwapo, ili mimi huku, macho yangu yakiwa haya yasiyoona vizuri, nibandue vigae vitatu. Ukabuni na jua likizama. Na katikati ya uongo huo ukaweka neno moja la kweli, rangi ya mlango, kwa sababu mlango ulikuwa nao, unaufungua kila asubuhi ukitoa mbuzi.

Nakiete anakutetea. Siku ile Leonsi alipoondoka alisema, “Amekudanganya kwa kukuhurumia.” Nikamjibu kwamba huruma ya namna hiyo ampe mbuzi. Akaendelea kukunja nguo. Kisha akasema, bila kuniangalia, “Na wewe miaka thelathini hukwenda kuangalia.” Nimekuandikia na hilo pia, lisomeke pamoja na mengine.

Sharti langu unalijua: sibandiki nisichokijua. Nilichukua tindo na nyundo. Nyumba nimeitoa yote, ukuta kwa ukuta, na paa, na pale palipokuwa pameachwa wazi kwa ajili ya upepo wako. Vipande vyake nimevimwaga nje ya mlango wa jikoni, kwenye tope, mahali Nakiete anapomwagia maji ya vyombo. Vinafaa pale, mtu hatelezi tena. Msuku nimeutoa pia. Leonsi anasema ulikatwa kuni.

Mama sikumtoa. Nilimbandua kwa uangalifu, nikamkalisha upande wa kushoto, chini, peke yake. Juu yake niliweka kahawia kidogo ya nyasi, upande mmoja tu. Halafu nikavunja kioo cha dirisha vipande vyembamba, nikavitia vyote vikiwa vimelala mshazari, kutoka dari hadi kwake. Ndiyo mvua. Mzee Shabani alikuja kuona, akatafuta la kutania, akakosa. Alisema tu kwamba mwanamke yule atapata baridi.

Mlango wa buluu nimeuacha, kwa kuwa wenyewe ni wa kweli. Uko kulia, mwisho kabisa wa ukuta, umesimama peke yake. Kati yake na mama nimeacha chokaa tupu. Pale sina habari.

Ukiandika tena, niandikie mambo yako tu: magoti, watoto, mavuno. Usiniandikie kuhusu nyumba. Na msiubandue mlango kwenye banda ili mniletee, wala kuuweka kaburini, wala kuupaka rangi nyingine. Uacheni ufanye kazi mliyoupa.

Nisalimie shemeji, mwenye mbuzi. Nisalimie wapwa zangu, hasa yule anayefundisha shule, mwambie barua zake za zamani nilizipenda kwa hati yake iliyonyooka. Nisalimie shangazi, kama yu hai kweli, na kama hayupo niambie hivyo. Nakiete anawasalimu nyote. Kuku wake wamerudishwa, isipokuwa mmoja aliyekwisha kuliwa.

Usiulize tena ni lini. Mimi, kaka yako Damiani, sirudi huko.