Gari la Chaki Uani Kwetu

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali. Goti lako la kushoto linaendeleaje, lile la kukanyagia klachi? Bado linakusumbua asubuhi, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa kitinda mimba wangu ambaye mafua yamemng'ang'ania, na shemeji yako ambaye ana ugonjwa nitakaokueleza sasa hivi. Mama mkwe hajambo, anakusalimu sana.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini siku hizi nikikupigia unaniambia "sawa" mara tatu halafu unakata, na mambo niliyo nayo hayaenei ndani ya sawa tatu. Mengi ni ya furaha. Nahitaji ushauri wako, wewe uliyeendesha basi la shule miaka ishirini na sita bila kulikwaruza. Baada ya ushauri kuna ombi, na kabla sijakuomba kuna neno ambalo tangu mwaka jana limenikaa kooni. Nitalifikia, nivumilie.

Dada, tunanunua gari! Jipya, kubwa, la safu tatu za viti, la watu wanane! Huo ndio ugonjwa wa shemeji yako. Anaamka nalo, anakwenda nalo kiwandani kwenye mikate yake, anarudi nalo. Juzi nimemkuta amesimama mbele ya kioo anazungusha mikono kama ameshika usukani.

Kigari chetu unakijua. Sisi tuko saba, chenyewe kinabeba watano. Tukialikwa arusi inabidi atupeleke kwa awamu mbili, na sisi wa awamu ya pili tunafika keki imeshakatwa. Mama mkwe siku hizi anasema yeye atabaki kulinda nyumba, wakati kila mtu anajua nyumba yenyewe haina cha kuibiwa. Mwezi uliopita alibaki tena, tukamwacha amesimama getini anatupungia. Tuliporudi shemeji yako akasema basi, imetosha.

Kwa hiyo Jumatatu tulikwenda wote kuliangalia, kwa awamu mbili kama kawaida yetu. Liko katikati ya ukumbi wa wauza magari, rangi ya kijani iliyokolea, sakafu chini yake inang'aa hadi nikaona haya kukanyaga. Shemeji yako alikwenda moja kwa moja mbele, akasimama, akaliangalia usoni kama mtu anayetambulishwa kwa wakwe. Akaanza kusifu: taa nyembamba, mabega mapana, boneti iliyonyooka. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha. Nikamwambia uso ni wa majirani, sisi tutakaa ndani, na nikatoa tepu yangu ya kushonea.

Usicheke. Mtu anayepima viuno vya watu kutwa hawezi kununua kitu kwa macho tu. Kwanza ile boneti inanifika kifuani. Nikamsimamisha kitinda mimba mbele ya gari, nikapanda kwenye kiti cha dereva, nikachungulia. Sikuona hata unywele wake! Muuzaji, kijana wa tai nyekundu mwenye majibu ya haraka, akasema kuna kamera mbele na nyuma. Nikamuuliza kamera ikipakwa tope je. Akasema inafutwa. Nikamwambia dada yangu alilizunguka basi lake kwa miguu kila asubuhi kabla ya kuliwasha, tope liwepo lisiwepo, na huyo ndiye aliyenifundisha gari. Akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui nini.

Halafu nikamgeukia kwenye safu ya tatu. Alikuwa amejisifu kwamba hata mtu mzima anakaa huko kwa raha, na mimi najua safu za tatu, ni mahali pa kufungia mbuzi. Nikamwambia apande yeye mwenyewe tumwone. Dada, alipanda, akakaa, akakunja nne! Miguu yote ile mirefu! Nikaaibika mbele ya watoto wangu. Kifungua mimba, ambaye kwa miaka yake kumi na minne anajiona ndiye mwenye nyumba, palepale akatangaza kwamba huko nyuma ni kwake, kuna dirisha lake na tundu la kuchajia simu, na asiulizwe tena.

Mama mkwe ndiye aliyetuchekesha. Alipofunguliwa mlango, kidato cha kukanyagia kilijitokeza chenyewe kutoka chini ya gari, naye akaruka nyuma kama ameona nyoka. Nikadhani ndiyo basi, tumemkosa. Kumbe kidato kile kilimfaa kuliko sote. Akakanyaga mara moja, akashika kishikio cha mlangoni, akaingia bila kusukumwa na mtu, mama yule ambaye kwenye kigari chetu huwa tunamkunja kama shuka. Akakaa safu ya kati akashika mkoba wake magotini na kukataa kushuka. Aliuliza swali moja tu. Alikuwa amehesabu matundu ya kuwekea vikombe, akafika kumi na manne, akataka kujua kama humu watu wanasafirishwa au wananyweshwa.

Sasa kasoro zake, maana nakujua, utaniuliza. Viti vyote vikiwa wima, buti linabaki jembamba. Nilikuwa nimekuja na jora langu la kitambaa makusudi, likaingia kwa kusimama, na baada ya hapo hata mkate wa shemeji yako usingepata pa kukaa. Ukilaza kiti kimoja cha nyuma, jora linalala na cherehani inaingia, ila mtu mmoja anashuka. Kwa hiyo lazima uamue mapema kama siku hiyo unabeba watu au mizigo. Kuhusu mafuta, muuzaji alianza kuongea taratibu na shemeji yako akaanza kukohoa, nikaelewa. Na kuna kioo pale mbele, kipana kama sinia la kuokea, ambacho ndicho kila kitu: redio, ramani, hewa ya baridi. Ukitaka kupunguza baridi uguse kioo, ukiangalie. Mimi sikukipenda. Dereva mkono wake unatakiwa ujue kitufe kilipo huku macho yake yakiwa barabarani, au siku hizi mambo yamebadilika? Hapo ndipo nataka ushauri wako hasa. Shemeji yako anasema nitazoea. Nikamwambia nilimzoea yeye, lakini yeye sikumwendesha kwa spidi ya mia.

Tulirudi na karatasi ya vipimo, na hapo ndipo wazimu ulipoanza rasmi. Hofu yangu ilikuwa geti. Geti letu lilijengwa na mtu aliyekuwa na baiskeli. Jumanne mchana nikachukua chaki yangu ya kushonea na tepu, nikalichora gari zima pale uani kwa vipimo vyake kamili, mita tano na ushee kwenda mbele na mbili na kidogo kwa upana. Mapacha walishika ncha za tepu na kugombana. Lilipokamilika lilikula ua wote hadi chini ya kamba ya nguo. Getini linapita, vioo vya pembeni vikikunjwa, na kila upande panabaki upana wa kiganja. Shemeji yako akasema kiganja kinatosha. Nikamuuliza kiganja cha nani.

Basi tukatoa viti vya sebuleni, tukavipanga safu tatu ndani ya chaki, na kila mtu akakaa mahali pake. Mama mkwe alidai kidato chake, tukamwekea kigoda. Shemeji yako alikaa mbele akapiga honi kwa mdomo. Fundi viatu wa jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza tunasafiri kwenda wapi, na kitinda mimba akamjibu kwamba tunakwenda kwa Mama Mkubwa. Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Nilicheka na wenzangu, lakini moyo ulinipasuka kidogo, Dada.

Mapacha ukishawapa tepu huwapati tena. Walipochoka na ua waliingia ndani wakapima meza, friji na mguu wa bibi yao. Halafu wakaja mbio jikoni kuniletea taarifa kwamba safu zote tatu zinaenea chumba cha nyuma, pamoja na buti, na bado mtu anapita pembeni bila kujibana. Walikuwa na furaha kama wamegundua bara. Mama mkwe alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa, alisema tu kwamba kumbe chumba kile ni kikubwa kuliko tulivyowahi kuambiwa. Nikajua anasema nini, maana siku ile uliponipigia simu alikuwa amekaa palepale.

Dada, nilikudanganya. Ulipostaafu, shule ikataka nyumba yake, ukanipigia ukaniuliza kama unaweza kuja kukaa kwetu. Hujawahi kuniomba kitu maisha yako yote. Mimi nikakujibu kwamba nyumba imejaa, hata pa kutemea mate hapana. Ukasema sawa, mdogo wangu. Ukaenda kupanga chumba kimoja kwa watu baki, wewe uliyenilea tangu mama alipotuacha. Chumba kilikuwepo. Kilikuwa na masanamu yangu mawili ya kuvalishia nguo, magunia ya vipande vya vitambaa na cherehani mbovu ambayo sitaitengeneza kamwe. Niliona kuna nafasi ya vitu hivyo na wewe nikakunyima.

Sitajitetea, lakini sababu nitakuambia. Nilikuogopa. Kila ukija kututembelea, siku ya pili sufuria zangu zimehama, watoto wanasimama mstari kunawa mikono, na mimi mwenyewe najikuta naomba ruhusa kwenda sokoni. Niliogopa nitarudi kuwa mtoto ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya mume wangu. Ndiyo hiyo tu, na nikiiandika naiona ilivyo ndogo. Nimekuwa nikijifariji kwamba nafasi haikuwepo kweli, hadi nikaanza kuuamini uongo wangu. Tangu Jumatatu nazunguka na tepu kutafuta gari litakalotuenea wote bila mtu kuachwa getini, na wa kwanza kumwacha nje nilikuwa mimi. Nisamehe, Dada. Nimelia sana jana, hadi mama mkwe akaninyang'anya kisu cha vitunguu akasema nichague kulia kwa kimoja.

Chumba nimekwisha kukiondolea kila kitu. Masanamu sasa yapo sebuleni, wageni wanayasalimia. Ukuta umepakwa rangi, pazia nimeshona mimi. Shemeji yako amefurahi kupita kiasi, nadhani ana matumaini utakuwa upande wake kwenye mambo ya boneti. Wala usifikiri tunatafuta dereva, yeye anaendesha na mimi naendesha, kwa woga lakini naendesha. Nakutaka wewe. Na kwa kuwa tumeshaanza kusema ukweli, niumalizie: sufuria zangu zikae ninapoziweka. Tutagombana, najua. Afadhali tugombane jikoni kuliko hizo sawa zako za kwenye simu.

Muuzaji ametupa hadi Jumamosi, na amekubali gari lijaribiwe barabarani. Nimemwambia atakayelijaribu ni dada yangu, na akilikataa hatulichukui, hata kama shemeji yako atazimia. Watoto wote wanne wanakuamkia shikamoo, na mapacha wanaomba uje na urefu wako umeandikwa, sijui wa nini.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutakuwa mlangoni kwako, mimi na shemeji yako tu. Watoto tutawaacha na bibi yao ili viti vya nyuma vibaki vitupu. Ukitoka na mkoba wa mkononi peke yake, nitaelewa, tutakwenda kuliangalia gari, utatupa ushauri, na kabla ya jioni tutakurudisha kwako bila kukuuliza chochote. Ukitoka na sanduku, nami sitasema neno. Nitalipokea, nitalibeba.

Ni mimi mdogo wako,

Kijiti