Redio Iitaje Michenga

Michenga, Ifakara
Novemba 1995

Kaka Shilinde,

Shikamoo, wewe uliyeganda Dar kama huna kwenu. Huku nimekuwa mtangazaji kuwashinda hao wenu.

Baba, hoi vile, tulimpeleka na baiskeli akapiga kura. Akarudi akitaka kusikia redio ikikitaja kituo chetu. Matokeo yalipoanza kusomwa, betri zikafa. Hata kuzianika juani hakukusaidia. Nikajificha nyuma ya ukuta, nikabana pua: “Kituo cha Michenga, mzee Mabula amepiga kura!”

Baba akacheka. “Sauti yako naijua, mjinga wewe. Haya, rudia.”

Nikarudia mpaka akalala. Hakuamka. Tumemzika jana.

Ile redio mpya uliyomwahidi, usihangaike nayo tena. Njoo mwenyewe.

Mdogo wako mtangazaji,
Anold