Michezo ya baba yako, usiifute

Masika mjukuu wangu,

Huku Butembo tuko wazima, maharagwe yameota. Lakini barua yako imenikasirisha! Baba zako wadogo walibeba konsoli ya michezo ya marehemu baba yako siku ya kuondoa matanga. Sasa huko Beni wanakukataza hata kuchezea michezo yake ndani ya ordinatere, ile kompyuta yako, wanataka uifute? Eti mali ya ukoo!

Mama yangu alipokufa, shangazi zangu walibeba mtumbwi wake wa kukamulia ndizi za pombe. Dada yangu akakamulia ndani ya beseni.

Shangazi wakaja juu: “Pombe hii ni yetu!”

Dada akawajibu: “Mtumbwi mulibeba. Vile mama alitufundisha kukamua, mutabeba namna gani?”

Wakakunywa, wakaacha kudai.

Mimi niliyemzaa baba yako nasema: cheza. Wakirudi, wape manette, kile cha kushika mkononi cha kuchezea, nao wacheze.

Koko wako anayekupenda