Gari Nililowachagulia Wazee

Jumamosi, 1 Machi 2025

Mwanza, yadi ya magari. Kila boma la ukoo wetu limetoa ng'ombe, wakauzwa, na wazee wakanituma mimi – niliyeendesha watalii Serengeti miaka tisa – nichague gari la kupeleka wagonjwa kutoka Kenyamonta hadi Mugumu. Sharti la baba mkubwa, Mzee Machage: lipite kwenye tope, mgonjwa alale. Basi.

Kuna Land Cruiser mkonga, lile la bomba refu la hewa ubavuni, kuukuu, bodi imebonyea. Ngumu! Tairi zote nne zinavuta. Pembeni yake jeupe la kisasa: skrini, kamera, viti vya ngozi, paa la kioo. Limeinuka kama la porini, ila zinavuta za mbele tu. Muuzaji anasema wateja wa siku hizi hawaulizi habari za tope, wanauliza skrini ina ukubwa gani. Nikawacheka. Kisha nikakaa ndani. AC! Nikajiona nashuka kanisani Tarime ninakoishi, watu wamegeuka.

Nimechukua jeupe.

Jumapili, 2 Machi

Kenyamonta, nyumbani. Vigelegele mpaka barabarani. Mzee Machage akalizunguka, akapiga tairi teke. Zote nne zinavuta, Hezekia?

Ndiyo, tata, nikamjibu baba mkubwa.

Imetoka yenyewe. Sijui kwa nini nilidanganya haraka hivyo.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku tatu. Waisiko, mke wa mdogo wangu Emanuel, ameshikwa uchungu asubuhi. Dereva wetu Felix akampakia. Wamekwama korongoni! Za mbele zinazunguka, za nyuma zimelala tu. Wanaume wakambeba kwa kitanda cha kamba hadi ng'ambo, wakapata trekta. Amepasuliwa. Mtoto wa kike, yuko hai, ila bado anasaidiwa kupumua.

Mimi niko Tarime, nimeambiwa kwa simu. Ugali umenishinda.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekuja nyumbani. Mtoto anapumua mwenyewe, asante Mungu. Sasa wanamtafuta mkosaji, na wamempata: Felix. Gari linalovuta tairi zote nne linakwamaje? Hajui kazi! Emanuel nusura ampige. Felix, mtu mzima, baba wa watoto watatu, anasema alitafuta gia ya kuunganisha za nyuma, hakuiona. Wakamzomea.

Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nina mdomo, nina ulimi. Nikaangalia viatu vyangu. Mshenzi mimi.

Jumapili, 6 Aprili

Kikao, gari katikati. Nilikuja nimeamua kusema. Wallahi nilikuwa nimeamua! Mzee Machage akaanza yeye: Felix asifukuzwe, afundishwe. Hezekia ndiye mtaalamu, amwonyeshe mbele ya watu wote.

Nikapanda. Macho yote kwangu. Nikabonyeza kitufe cha kuzuia kuteleza, hakiziunganishi tairi za nyuma hata kidogo. Taa ya njano ikawaka. Wakapiga makofi! Felix akanishika mkono kwa mikono yake miwili – nisamehe kaka, ningekijua juzi shemeji asingeteseka. Aibu gani hii. Natamani ningezomewa mimi.

Kesho Felix anawafuata Waisiko na mtoto hospitali, wameruhusiwa. Upande wa Mugumu kumefunga, mawingu meusi tupu. Sasa hivi amepita hapa nikiandika. Ameuliza akibonyeze kile kitufe kabla ya kuingia korongoni, au akishaingia.

Nimemwambia kabla.