Habari ya Kulala

Mjukuu wangu Chebet,

Nisamehe kwa kunyamaza tangu majani ya chai yachomwe na baridi. Nyanya yako anakusalimu. Hapa Kimulot tu wazima.

Umeniuliza kama ukubali kupanda mlimani, kwenye hewa nyepesi, kujaribiwa dawa ya wanaokatika pumzi usingizini. Ujanani nilipandishwa mlimani kwa jaribio kama hilo pamoja na Ouma, mchuma chai mwenzangu. Usiku nilisikia pumzi yake ikikatika.

Asubuhi daktari aliuliza, "Habari ya kulala?"

"Nzuri, daktari," Ouma akajibu, kama tunavyomjibu kila mtu. Daktari akaandika "nzuri". Nilinyamaza, nisimwaibishe. Siku ya tatu Ouma hakuamka.

Niambie ni nani atakayelala karibu nawe, na kama atathubutu kusema. Ukishanijibu, nitaamua kama ukubali, kisha nitakuandikia.

Babu yako