Inama Tu

Jumamosi, Januari. Kijimvua cha Guangzhou kisichonyesha wala kukatika. Baridi imeingia mpaka kwenye meno. Nyumba hizi hazina kipasha joto, nimevaa soksi juu ya soksi, nimejifunika blanketi mbili, na naandika kwa hasira kwa sababu nikilala nayo nitaamka naumwa.

Leo nimekwenda kwenye tamasha la bia.

Mimi Zuhura, ambaye hata keki yenye harufu ya pombe siigusi. Mama akisikia huko Temeke ataniitia shehe anisomee. Lakini Salome, ninayepanga naye nyumba, alining'ang'ania wiki nzima. Shoga, utaoza humo ndani. Kunywa hukunywi, basi njoo tupige picha, ucheke kidogo. Na kucheka nilikuhitaji kweli. Mwezi huu umekuwa kazi na kulala, kazi na kulala. Nikavaa koti langu jipya, nikapaka wanja. Sitajidanganya humu: nilifurahi kuitwa.

Tulikuwa watatu. Mimi, Salome, na Béa, Mkongo wa Lubumbashi anayenunua mawigi. Salome ananunua viatu. Mimi jinzi. Sisi wanawake wa hapa tuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika: bidhaa ya mwenzio huigusi. Ndiyo maana tunaweza kupika sufuria moja na kuonyeshana sampuli bila kufichana. Mtu akiivunja, kila mmoja anaanza kufunga begi lake mwenzake akiingia.

Tamasha lilikuwa kwenye maegesho nyuma ya duka moja kubwa huku Tianhe. Mahema, taa nyekundu, muziki wa kupasua masikio, na Wachina wamejifunga skafu mpaka puani wanakunywa bia ya moto iliyochemshwa na tangawizi. Bia ya moto! Béa alionja, akakunja uso, akasema kwao Lubumbashi mtu angepigwa kwa hilo. Nilicheka mpaka machozi yakaharibu wanja. Nikaomba maji ya moto, nikakaa karibu na jiko la mishikaki nisiyoweza kula, nikiota moto. Kwa muda ule nilikuwa na raha kabisa.

Kisha akaja laoban Lin.

Laoban ni bosi, kila mwenye duka au kiwanda hapa tunamwita hivyo. Huyu ni mama mmoja mwenye karakana ya jinzi kule Xintang, jirani na ile ninayoshonesha mimi. Salome akamlaki kwa mikono miwili, akamvutia kiti. Nikajiuliza, mtu wa viatu na bosi wa jinzi, wapi na wapi?

Yule mama akanitazama, akamuuliza Salome kama mimi ni rafiki yake. Kichina cha Salome ni cha kuuliza bei na kulalamika bei. Lakini swali hilo alilielewa, na jibu alikuwa nalo.

"Fanyi," alisema. Mkalimani.

Neno lenyewe nilimfundisha mimi.

Nikajiambia ameteleza, neno la rafiki limempotea. Jamani, nilivyomtetea moyoni! Kwa kawaida anatafsiri kwa simu, ila kwa makelele yale simu ilikuwa haisikii kitu. Kwa hiyo simu ya leo ilikuwa mimi. Tena simu isiyolewa.

Salome akavua koti lake refu, akasimama. Chini alikuwa amevaa jinzi yangu. Aliiazima kwangu juzi, akisema zake zote zimefuliwa na kwa unyevu huu hazikauki. Nilimpa bila kufikiri mara mbili.

Na si jinzi hivihivi. Ni Inama Tu. Wateja wangu wa Kariakoo ndio walioipa jina hilo, kwa sababu jinzi za kawaida, mwanamke wa kwetu akiinama, kiuno kinaachama nyuma na heshima yote iko nje. Mimi nilikwenda Xintang nikainama mbele ya mafundi, nikainama tena, siku baada ya siku, mpaka wakaacha kucheka. Pandisha nyuma. Bana kiuno. Toa nafasi ya nyonga. Ficha lastiki ndani ya mkanda. Kata hiyo, huo mkato wangu, ndiyo inayonilisha, ndiyo inayomsomesha mwanangu. Sina nyingine.

Salome akamgeuzia laoban mgongo, akainama.

"Mwambie anitolee hivihivi," aliniambia, kichwa chini. "Hivihivi kabisa, Zuhura, asipunguze kitu."

Na mimi nikamwambia. Wallahi sijui kwa nini. Nadhani mdomo ukishazoea kutafsiri haumsubiri mwenyewe. Laoban akauliza habari za mkanda, nikatafsiri. Salome akajibu, nikatafsiri. Hata namna ya kuieleza ile lastiki ilipowashinda wote wawili, nikawaelezea mimi.

Béa alikuwa anaitazama bia yake. Alijua. Alijua tangu nyumbani, na alikaa pembeni yangu kwenye metro akinisifia koti.

Kisha laoban akauliza kata hii ni ya nani.

"Mwambie ni yangu," Salome akasema.

Sasa, mkalimani hasemi "anasema ni yake." Ukitafsiri unasema kama mwenyewe anavyosema. Kwa hiyo nikasema: "Wo de." Yangu.

Loo! Neno likanikaa mdomoni. Nilikuwa nimetafsiria meza nzima, na hilo ndilo pekee lililokuwa langu kweli. Nikalirudia, nimejigusa kifua. Wo de. Yangu mimi, si yake.

Laoban akanitazama, akamtazama Salome, akaelewa. Nilitegemea ataona aibu, au hata kushangaa kidogo. Akacheka. Akasema kwao Xintang hawaulizi nani alibuni, wanauliza nani analeta oda kwanza, na kama nataka kumuwahi mwenzangu basi niende kwake kesho, mashine zake ziko wazi.

"Anasemaje?" Salome akauliza, bado anatabasamu.

Nikachukua mkoba. Béa akanishika mkono, "Ma chère, usikasirike, ni business tu." Business! Nikauchomoa mkono wangu nikaondoka, na sikugeuka nyuma.

Kwenye metro nililia mbele za watu bila haya. Si kwa ajili ya jinzi peke yake. Jinzi zinaibwa hapa kila siku, ningejua la kufanya. Angeniambia tu, shoga, biashara ya viatu imenikwama, nisaidie, ningempeleka kwa mafundi wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Hakuniomba. Alinibembeleza wiki nzima nikacheke, kumbe alikuwa anakodi mdomo wangu bure.

Sasa kila kitu nakigeuza upande wa pili. Mara ile alipougua, nikashinda naye hospitali nikimsemea kwa daktari, nikimshika mkono wakati wa sindano. Siku ile nilikuwa rafiki, au fanyi?

Kesho alfajiri nakwenda Xintang kwa mafundi wangu, nitoe oda mapema. Sijui kama itasaidia. Nikirudi natafuta chumba kingine, hata kiwe kidogo kama kabati.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika Salome alipoingia. Nimesikia akivua viatu, kisha akagonga mlango wangu taratibu, na sauti yake ni tamu ileile ya kila siku.

"Shoga, umelala? Yule laoban, mwishoni alisemaje?"

Hata pole hakuna.

"Mei you," nimemjibu. Hamna. Wauzaji wa soko la nguo la Shahe wanatutupia neno hilo kutwa nzima bila kuinua macho. Ameenda chumbani kwake. Hilo amelielewa mwenyewe.