Ngano ya Scarlat

Kiwanja cha ndege karibu na Odesa
19 Agosti 1941

Yaya Safta mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Baba naye? Mimi mzima, ila nimekonda, maana mpishi wetu anasonga ugali wa mahindi mgumu wa kujengea ukuta. Soksi zako za sufu zimefika katikati ya joto hili na wenzangu wamecheka mpaka machozi. "Mtoto wa kabaila, kasri lote lile, bado anavishwa soksi na yaya!" Nimewaambia huko juu kuna baridi kuliko Januari ya Plopii Vechi, kwa hiyo mimi nitavaa na wao watetemeke.

Kuna jambo sijamwambia baba. Jumanne iliyopita niliangusha ndege ya rubani Mrusi. Nilikuwa karibu mno, nikamwona uso. Hakuwa na kofia, na nywele zake zilikuwa za rangi ya majani makavu. Alinitazama kama mtu aliyekatizwa akila. Aliruka, na mwavuli wake wa kutulia chini haukufunguka. Wenzangu walininywesha pombe ya plamu, wakaimba, nami nikaimba pia. Tangu siku hiyo usingizi umenihama.

Jumapili ukimpelekea padri zile karatasi zako mbili za majina ya kuombewa, ya walio hai na ya waliokufa, tafadhali mtie huyo kwenye ya waliokufa. Jina lake silijui.

Nakubusu mikono. Na safari hii utie sahihi "mama".

Mwanao,
Scarlat

*

Plopii Vechi
7 Septemba 1941

Mwanangu Scarlat,

Marahaba. Mguu ni ule ule, unatabiri mvua kuliko redio. Bwana mkubwa baba yako anagombana na kila mtu, kwa hiyo ni mzima.

Karatasi nimezipeleka. Ya walio hai unaijua: jina langu, na chini yake lako, tangu siku bibi mama yako alipokuacha mikononi mwangu una saa mbili duniani. Ya waliokufa inaanza na yeye. Nikamwambia Padri Nichifor aongeze rubani mmoja. "Jina?" Nikasema sina. Akaniambia, "Safta, Mungu si tarishi wa kukabidhiwa kifurushi kisicho na jina." Nikamwambia, "Basi andika Ion. Hakuna nchi iliyokosa akina Ion." Akaguna, akaandika.

Nimempikia na ngano ya maiti, ile ya kuchemsha inayoliwa kumwombea aliyekufa, kibakuli kidogo, kwa sukari na kokwa za jozi za kutwanga, tukaila mimi na padri na mke wa mtunza farasi. Ion wako ameombewa kama mtu mwenye kwao. Lala sasa, mwanangu.

Kuhusu sahihi, hapana. Mama yako amelala nyuma ya kanisa na anasikia kila kitu. Mimi nilijifunza kusoma nikisimama nyuma ya kiti chako wakati mwalimu anakufundisha wewe. Nafasi yangu naijua na naipenda.

Yaya wako,
Safta

*

Plopii Vechi
3 Desemba 1944

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sijui kama utaisoma hii. Tano zilizotangulia hukuzijibu.

Tangu nchi yetu igeuke upande vitani, Wajerumani wa upande wetu jana ndio maadui leo, na nimesikia ulikuwa ukipigana nao Hungaria. Jana imefika barua ya mkuu wa kikosi chako, kwamba ndege yako ilionekana ikianguka na moto, na kwamba anatupa pole. Bwana mkubwa alikaa na barua hiyo mapajani mpaka chai ikapoa. Kisha akaniita.

"Safta, chemsha ngano."

Nikamwambia sichemshi. Miaka ishirini na tisa ndani ya nyumba hii sijapata kumwambia hapana. Akapiga fimbo sakafuni. "Ni mwanangu!"

"Ni wako, bwana, lakini ngano napika mimi. Ikishapikwa, mtu amekufa. Mimi mwili sijauona."

Akageuka ukutani, akalia. Nami nililia, ila jikoni. Ngano nimewamwagia bata. Leo Jumapili jina lako limesomwa kwenye karatasi ya walio hai, pale pale chini ya langu, na kanisa zima likanigeukia. Waumwe shingo.

Kama u hai, nijibu haraka. Kama hu hai, samahani kwa usumbufu.

Yaya wako,
Safta

*

Hospitali ya jeshi
20 Januari 1945

Yaya wangu,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, wa kulia umeungua lakini vidole vyote vipo. Watawa wa Kihungaria walinificha ghalani. Barua zako sita nimezipata kwa mpigo. Bata hao wamenenepa?

Kila aliyenijua alikuwa ameshanizika, isipokuwa wewe. Mwambie baba nakuja. Nawe niahidi, yaya: usinipikie ngano mpaka uuone mwili wangu.

Mwanao,
Scarlat

*

Istanbul
30 Machi 1948

Yaya mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Nisamehe sikukuaga. Tangu baba afariki, na wale watu wa serikali mpya wa makoti ya ngozi wachukue nyumba na kukuhamishia chumba cha mtunza farasi, nilijua zamu yangu inakuja. Nilichukua ndege ya mafunzo, nikaruka chini chini juu ya Bahari Nyeusi hadi petroli ikaniishia ufukweni mwa Waturuki.

Barua hii ataileta mhandisi Keller, yule Mswisi wa kiwanda cha sukari. Kuanzia mwezi Juni nitakuandikia kila wiki kwa posta. Najua watafungua. Wafungue! Na ukiugua, au wakikugusa, niandikie neno moja tu. Nitarudi siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Scarlat

*

Plopii Vechi
11 Mei 1948

Mwanangu,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Keti kwanza.

Nimekupikia ngano.

Najua niliahidi. Lakini wale watu wamekuja mara tatu. Hawajui kama ulivuka au ulizama. Yule mrefu alikaa kitandani kwangu akila jemu yangu ya plamu, akasema kwa upole, "Mama Safta, kijana anakupenda sana. Tukijua aliko, tutamwandikia tu kwamba unaumwa. Atakuja mbio." Anakujua kama ninavyokujua mimi. Nikaona huyu hafai kujua kwamba u hai.

Nikaangua kilio mbele yake, na hicho hakikuwa cha kuigiza. Nikasema umezama. Siku ya arobaini nikachemsha ngano sinia zima, kwa sukari niliyoiomba nyumba kwa nyumba, nikachora msalaba juu kwa peremende. Kijiji kizima kilikuja. Sinia hubebwa na mama wa marehemu, na padri akauliza nani anabeba. Nikabeba mimi. Yule mrefu alikuwa mlangoni. Akapewa kijiko chake, akala, akavua kofia. Huku umekufa, mwanangu, na wameshaandika.

Padri, niliyemwambia ukweli peke yake, aliogopa. "Kumsoma mtu hai kati ya wafu ni dhambi, Safta." Nikamwambia, "Si ulisema Mungu si tarishi? Basi hatapotea njia kwa jina tu."

Lakini Jumapili iliyofuata karatasi ya walio hai ilisomwa, na chini ya jina langu hapakuwa na kitu. Nikamwashia mshumaa yule Mrusi wetu aliyekufa, nikamwomba radhi atuazime jina. Sasa chini ya langu pameandikwa Ion. Watu wanadhani ni mtoto wa dada yangu. Likisomwa, naitikia Amina kwa sauti mpaka wanageuka.

Kwa hiyo usiandike tena, hata kadi. Ukipata barua inayosema naumwa, si yangu. Mimi siumwi kamwe. Ukisikia nimekufa, nipikie huko huko, na jozi uzitwange vizuri, usifanye uvivu. Oa. Vaa soksi.

Bwana Keller anaondoka kesho na hii ataificha kiatuni, basi harufu umsamehe.

Mama yako,
Safta